Bushi za springi zimegoma kutoka: usikate chesisi

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ameniandikia kuhusu Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hubebea samaki kutoka soko la Deep Sea kwenda Muheza. Nyuma inagonga kila ikiingia shimoni, na bushi za springi zimekwisha. Fundi wake ameshinda kutwa akipiga nyundo, kisha akachoma kwa gesi. Kwenye jicho la springi, lile tundu la mwisho wake, mpira umeungua ukatoka, ganda la chuma limebaki. Ile iliyomo ndani ya chesisi haijasogea hata kidogo. Sasa fundi anashauri zinunuliwe springi mpya, na chesisi ikatwe hapo ichomelewe bomba jingine. Msomaji anauliza: ni lazima? Mtu anaweza kuzitoa mwenyewe nyumbani bila presi, ile mashine ya kukandamiza? Na akinunua bushi, achukue za mpira au zile ngumu za plastiki?

Ndugu yangu, salaam, na pole kwa usumbufu. Si lazima. Habari ya springi tutaiamua tukishaikagua, lakini chesisi isikatwe. Bushi hiyo itatoka kwa msumeno wa mkono, keekee na tindo, hapo hapo uani kwako. Inataka subira tu na kujua inavyokaa.

Bushi ya Land Rover hizi ni vitu vitatu vilivyoshikana: bomba dogo la chuma katikati, ambamo bolti hupita, mpira mnene, na ganda jembamba la chuma kwa nje. Mpira umeshikanishwa kiwandani na vyuma vyote viwili. Ganda huingizwa kwa nguvu kwenye jicho la springi au kwenye bomba lililochomelewa ndani ya chesisi, na likishaingia halitakiwi kucheza. Bomba dogo nalo hubanwa kwa bolti na sahani mbili za shako, zile zinazoning'iniza springi. Gari likipanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira peke yake: unajisokota, unarudi. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma. Kila nitakachokwambia kuanzia hapa kinatokana na jambo hilo.

Nyundo imeshindwa kwa sababu mbili. Ukipiga bomba la katikati, mpira unanyonya pigo lote, ganda halisikii kitu. Ukipiga ganda lenyewe, mdomo wake unachanua na kuwa mpana kuliko tundu, kwa hiyo kila pigo linazidi kulifunga. Juu ya hapo kuna kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kuitengeneza, kwa hiyo ganda lililoingia kwa kubana siku ya kwanza, baada ya miaka linakuwa limebanwa maradufu. Gari lako linabeba samaki; maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika kutoka kwenye masanduku, yanapita kwenye sakafu ya nyuma na kushukia moja kwa moja kwenye shako. Usishangae za nyuma zimegoma kuliko za mbele.

Kwa hiyo hatuisukumi ikiwa nzima. Tunaivunja kwa vipande, kuanzia ndani kwenda nje.

Kabla ya spana yoyote, kuna hatari moja ya gari hili ambayo wengi hawaijui, hata mafundi waliozoea gari za Kijapani. Breki ya mkono ya Land Rover Series haishiki matairi. Inashika propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, pale nyuma ya giaboksi ndogo. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu, zile gia za katikati ya ekseli, inaruhusu tairi hilo kuzunguka huru huku la pili likibiringika, na gari linaweza kuondoka kwenye jeki wakati breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Weka kabari nzito mbele na nyuma ya matairi ya mbele, uwanja uwe tambarare na mgumu. Ingiza pia gia ndogo, ile ya nguvu ya giaboksi ndogo, maana kwenye Series gia ndogo huingiza na propela ya mbele, lakini tegemeo lako liwe kabari. Kisha nyanyua, weka stendi za chuma chini ya chesisi, na jeki ibaki kubeba ekseli. Tofali la saruji lisiwe chini ya gari. Linabeba vizuri, kisha linapasuka ghafla bila kutoa dalili, na wewe uko chini. Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja, ili springi ya pili iendelee kushikilia ekseli mahali pake.

Ukishalala chini, gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuzunguka eneo la shako. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu kama bati la kawaida, kwa hiyo gari linaweza kupendeza juu huku chesisi ya chuma imeliwa kwa ndani. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na nyundo inaacha alama. Kama nyundo inatumbukia hapo, basi fundi wako yuko sahihi kuhusu kuchomelea, ila sababu ni uozo, si bushi. Kama kinalia vizuri, endelea.

Bolti za shako ndizo zinazoharibiwa zaidi. Sahani moja ya shako ina tundu la kawaida, lakini ya pili imechongwa nyuzi. Bolti imefungwa kwenye sahani hiyo kwanza, halafu nati ikaja kuifunga isilegee. Fundi anayetoa nati na kuanza kuigonga bolti ili itoke anazisaga nyuzi za sahani na za bolti kwa pamoja. Legeza nati, kisha ifungue bolti yenyewe kwa kuizungusha. Tumia spana za inchi. Gari hili ni la Kiingereza, na spana ya milimita inayokaribia kuenea itakula pembe za nati. Mafuta ya kulainisha kutu yapakwe jana yake jioni, na tena asubuhi.

Mara nyingi bolti inazunguka kidogo kisha inarudi ilikotoka. Hapo imegandana na bomba la katikati, na unachozungusha ni mpira. Usipigane nayo. Bomba la katikati ni refu kuliko ganda, kwa hiyo kati ya sahani ya shako na jicho la springi kuna upenyo mdogo wa milimita chache ambamo mpira unachungulia. Pitisha msumeno humo, kata bolti na bomba kwa pamoja, upande huu na upande wa pili. Shako itadondoka yenyewe. Umepoteza bolti ambayo ungeibadilisha hata hivyo.

Sasa bushi yenyewe, na tuanze na ile ya kwenye chesisi inayokusumbua. Chukua keekee na biti ya milimita 5 au 6, toboa mpira kuzunguka bomba la katikati, tundu karibu na tundu, kutoka upande mmoja hadi uone biti inatokea wa pili au ikutane na matundu ya upande huo. Iende polepole. Mpira ukipata joto unanata kwenye biti na kuivuta, kwa hiyo nyunyiza maji ya sabuni mara kwa mara. Mpira ukishatobolewa vya kutosha, bomba la katikati litatoka kwa kulizungusha na koleo au kwa kugonga taratibu. Mpira uliobaki ukwangue kwa kisu kizee au patasi nyembamba. Inachosha na inachafua mikono, lakini ukimaliza utaona ganda tupu, linang'aa kwa ndani.

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Toa kwanza mdomo uliochanuliwa na nyundo: chukua tupa, usugue pande zote mbili hadi ganda lilingane na ukingo wa tundu. Kisha fungua blade ya msumeno, ipitishe ndani ya ganda, ifunge tena kwenye fremu ukiwa umeshaivusha. Kama fremu haina nafasi, zungushia kitambaa mwisho wa blade ushike kwa mkono. Kata mstari mmoja kwa urefu wa ganda, sawasawa pande zote mbili, bila kukandamiza. Kila mara vuta blade, pangusa, tazama kwa tochi. Mwanzoni unga unaotoka ni wa kijivu, unang'aa. Ukikaribia kumaliza ganda, unga unageuka kahawia, kwa sababu umefika kwenye ile kutu iliyopo kati ya ganda na tundu. Unga wa kahawia ukitokea mahali, acha kukata mahali hapo, hamia pale ambapo bado ni kijivu. Mkono nao utahisi: msumeno unalegea, sauti inabadilika. Usivuke kuingia kwenye chuma cha tundu. Kwenye chesisi mkwaruzo mdogo si balaa, lakini ndani ya jicho la springi mkwaruzo unaokatiza ni mahali ambapo ufa huanzia, na springi inayobeba mzigo kwenye barabara mbovu itaumalizia ufa huo.

Mstari ukishakamilika, chukua tindo nyembamba isiyo kali sana, iweke kwenye ukingo wa mkato, gonga kwa nyundo ndogo ukilielekeza ganda lijikunje kwenda ndani. Likianza kujikunja, kule kubana kote kunakwisha. Mara nyingi linaachia kwa mlio mmoja na kuanza kusogea kwa vidole. Likigoma bado, kata mstari wa pili sentimita moja pembeni ya wa kwanza, ukitoe kile kipande chembamba, na lililobaki halitakuwa na kitu cha kushikilia.

Ya kwenye jicho la springi ni hivyo hivyo, ila hiyo unaweza kuitoa springi ukaibana kwenye jiriwa na kufanya kazi umesimama. Kwa kuwa mpira wake umeshatoka, wewe anzia kwenye tupa na msumeno. Karakana yenye presi nayo itaitoa, mradi springi iegemezwe kuzunguka jicho lenyewe. Ikiegemezwa mbali, presi italifungua jicho.

Sasa moto. Naomba usiruhusu gesi tena kwenye gari hili. Tangi la petroli la 109 liko chini ya kiti au nyuma kabisa, kutegemea aina, na bomba za breki zimepita kwenye chesisi. Kuna jambo jingine baya zaidi kwa sababu halionekani: wenye Land Rover wengi humwaga oili chafu ndani ya chesisi kuzuia kutu. Huenda marehemu mzee alifanya hivyo, na alifanya vizuri. Lakini oili hiyo ikishika moto ndani ya chesisi, huna pa kuingizia maji. Na moshi wa mpira unaoungua ni sumu kwa mapafu, siyo harufu mbaya tu.

Kuhusu jicho lililochomwa, hilo ndilo litakaloamua kama springi inunuliwe. Chuma cha springi kinapata uimara wake kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo kiwandani, na kikipata moto mkali zaidi ya ule hupoteza tabia hiyo. Tazama rangi. Bluu kwenye chuma kilichosafishwa ni dalili ya nyuzi joto 300 hivi, na hiyo kwa kawaida haidhuru springi. Kuwaka wekundu ni kuanzia karibu 600, na hapo kimeharibika. Muulize fundi wako bila kumlaumu: jicho liliwaka jekundu? Mlilimwagia maji kulipoza? Ukiona magamba meusi yanayobanduka kuzunguka jicho, chukulia kwamba liliwaka. Kama jibu ni ndiyo, bapa la juu la springi, lile lenye macho, lisirudi kwenye gari. Lililopoa polepole limekuwa laini, litafunguka. Lililomwagiwa maji limekuwa kama kigae, litakatika bila taarifa, na likikatika kwa nyuma ekseli inakwenda upande. Bado si lazima kununua springi nzima. Wapo wanaouza na kutengeneza bapa moja moja, mradi unene na upana vilingane. Kama jicho halikuwaka, halijafunguka na halijaliwa kwa ndani, springi yako ni nzima na hela yako ibaki mfukoni.

Swali lako la mpira au plastiki: kwa kazi yako nakushauri mpira, wa ganda la chuma, wa kampuni inayoeleweka. Zile ngumu za poliyurethani haziozi kwa mafuta na ni rahisi kuingiza, lakini nyingi zake hazijashikanishwa na chuma, huzunguka kwenye bomba lake, kwa hiyo zinataka grisi yake maalumu na kusafishwa mchanga. Gari la samaki linaloshinda kwenye maji ya chumvi na mchanga wa pwani halitapata huduma hiyo. Na kuna za aina ya tatu, zinazokatwa kwenye matairi mabovu. Najua ni za bei nafuu na zinapatikana popote. Mimi sizikubali kwenye springi. Zinasuguana badala ya kujisokota, zinalegea upesi, na kitakacholiwa baadaye si kipande cha tairi, ni jicho la springi na tundu la chesisi, ambavyo ndivyo tunavyojaribu kuviokoa.

Ukiziagiza, hesabu vizuri. Kila springi ina bushi 2 kwenye macho yake, na kila shako ina 1 ndani ya chesisi. Kwa gari zima ni 12. Kama za mbele hazigongi, fanya za nyuma zote 6 kwa pamoja. Nunua na bolti za shako mpya, nati zake, na yubolti za springi, zile bolti zilizopinda kama herufi U zinazoibana springi kwenye ekseli, maana zile kuukuu zimeshavutika.

Kuingiza mpya ni kazi fupi kama tundu ni safi. Msasa uzungushwe ndani hadi kutu iishe na ukingo wa kuingilia uwe laini. Bushi zilaze kwenye friza usiku kucha. Wewe ni mtu wa samaki, friza hukosi. Ganda la milimita 30 likishuka kutoka joto la Tanga la nyuzi 28 hadi 18 chini ya sifuri linapungua kama milimita 0.016. Ni kidogo, lakini mbano wenyewe unapimwa kwa vipimo vidogo kama hivyo, kwa hiyo utauhisi mkononi. Paka grisi kidogo nje ya ganda tu, isiguse mpira, kwa sababu mafuta huuvimbisha na kuuoza.

Usiigongelee. Tafuta bolti ndefu yenye nyuzi mwanzo mwisho, nati mbili na washa nene. Upande wa kuingilia weka kipande cha bomba au soketi inayokaa kwenye ukingo wa ganda peke yake. Upande wa pili weka bomba pana kidogo kuliko ganda, liegemee kwenye chesisi. Kaza nati taratibu na bushi itavutwa ndani ikiwa imenyooka. Ikianza kwenda upande, rudi nyuma uianze upya mara moja. Kinachosukumwa kiwe ganda siku zote. Ukisukuma bomba la katikati unauchana mpira kutoka kwenye chuma, na bushi inakufa kabla gari halijashuka kwenye jeki.

Kabla ya kurudisha bolti, zipake grisi ya shaba pale zinapopita ndani ya bomba. Bolti haizunguki humo, kwa hiyo grisi haitaleta madhara, na siku nyingine zitatoka kwa spana. Springi ikirudi kwenye ekseli, hakikisha kichwa cha bolti ya kati kimekaa kwenye tundu lake la ekseli, ndipo ukaze yubolti kwa zamu, kona kwa kona.

Bolti za shako na zile za macho ya springi zishike kwa mkono tu gari likiwa juu. Usizikaze. Hapa ndipo bushi nyingi mpya huuawa, na mwenye gari anabaki akililaumu duka alikonunulia. Gari likiwa juu, springi inaning'inia na pembe ya shako si ile ya kawaida. Ukikaza hapo, bomba la katikati linashikwa kwenye pembe hiyo. Ukilishusha gari, mpira unakuwa umeshajisokota kabla ya safari kuanza, na kila shimo linausokota zaidi upande ule ule mpaka unachanika. Shusha gari, matairi yakae chini, lisukume juu chini kwa nyuma mara kadhaa, lisogeze mbele na nyuma kidogo ili springi zikae. Kwa kuwa lako huwa na mzigo karibu siku zote, weka nusu ya mzigo wa kawaida nyuma. Ndipo uingie chini, kabari zikiwa mahali pake, ukaze bolti zote kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha ufunge nati zake.

Siku ya kwanza usipakie hadi juu. Nenda Muheza na kurudi, acha gari lipoe, halafu rudia kukaza yubolti, maana springi iliyotolewa na kurudishwa hulala kidogo. Baada ya hapo, ukimaliza kushusha samaki, mwagia maji baridi ya bomba kwenye shako na chini ya sakafu ya nyuma. Na kama bado inagonga baada ya haya yote, niandikie ukieleza inagonga ikiingia shimoni, ikifunga breki au ikiondoka, kwa sababu hapo itakuwa si bushi za springi tena, na nitahitaji kujua hali ya shokapu na ya propela.